Steinmetz na Hesabu ya Umeme Upoteao Ndani ya Chuma

Mwananchi apitaye usiku wa manane karibu na transfoma ya mtaani husikia mvumo usiokatika. Taa za nyumba zimezimwa, maduka yamefungwa, muadhini bado amelala, na mashine ile inavuma vile vile kama ilivyovuma baada ya magharibi. Mafundi wetu watamwambia kwamba tumbo la mashine hiyo lina joto, hata kama hapana nyumba hata moja inayotumia umeme saa hiyo. Joto lile ni umeme. Ni umeme uliozalishwa Bara, ukavushwa chini ya bahari, ukalipiwa fedha, kisha ukaishia ndani ya chuma bila ya kuwasha taa wala kusukuma tone la maji.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeutia upotevu huo katika kanuni ambayo kila mhandisi aliweza kuitumia kabla ya kukata kipande cha chuma. Huyo ni Charles Proteus Steinmetz, aliyefariki mwaka 1923. Wahandisi wa umeme wanamjua kote duniani. Raia wa kawaida wa Visiwani pengine hajapata kulisikia jina lake, na kosa hilo ni letu sisi wenye kuandika magazeti, tunaojaza kurasa kwa majemadari na wacheza sinema.

Steinmetz alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa chini ya ufalme wa Prussia na ambao leo umo ndani ya Poland kwa jina la Wrocław. Baba yake alifanya kazi ya uchapaji katika idara ya reli. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na bibi yake. Mwenyezi Mungu alimuumba na kibiongo, kama alivyokuwa baba yake na babu yake, na kimo chake alipokuwa mtu mzima kilikuwa kiasi cha futi nne tu. Mwaka 1883 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau kusoma hisabati na fizikia, na wanafunzi wenzake wakampa jina la utani la Proteus, kwa jina la kiumbe wa hadithi za Wayunani wa kale aliyeweza kujigeuza maumbo na aliyejua siri nyingi. Jina hilo alilipenda, na baadaye akalifanya lake rasmi.

Wakati huo Kansela Bismarck alikuwa amekwisha kupiga marufuku vyama vya Wajamaa kwa sheria ya mwaka 1878. Kijana Steinmetz alijiunga na wanafunzi Wajamaa, na mhariri wa gazeti lao alipotiwa gerezani, yeye ndiye aliyeshika kalamu. Polisi wakaanza kumfuata. Mwaka 1888, akiwa amebakiwa na hatua chache tu kupata shahada ya udaktari, ilimlazimu kuukimbia mji wake na kuvuka mpaka kuingia Uswisi. Shahada ile hakuipata tena Breslau, wala baba yake hakumwona tena.

Mwaka mmoja baadaye alisafiri kwenda Marekani pamoja na rafiki yake, Oscar Asmussen, katika daraja la abiria maskini. Alipofika New York, maofisa wa uhamiaji walimtazama mtu mfupi mwenye kibiongo, asiye na fedha na asiyejua Kiingereza ila kwa kubabaisha, wakataka kumrudisha alikotoka. Asmussen alisimama akamdhamini. Twawaomba wakubwa wanaokaa nyuma ya meza za maombi na vibali wakitafakari kidogo kisa hicho, kwani mtu huyo aliyeonekana kuwa mzigo kwa taifa ndiye aliyekuja kuwafundisha Wamarekani kuuhesabu umeme wao.

Kazi aliipata Yonkers, karibu na New York, katika kiwanda cha Rudolf Eickemeyer, Mjerumani mwingine aliyekimbia baada ya mapinduzi ya mwaka 1848 kushindwa. Kiwanda kilitengeneza mashine za kushonea kofia, na pia mota za umeme. Eickemeyer alikuwa akishughulikia mota ya umeme geu, yaani umeme ule unaokwenda na kurudi, nayo ilimpa taabu ambayo kila mtengenezaji wa zama zile aliipata: chuma chake kilipata moto. Akamwachia Steinmetz shauri hilo.

Hapa inatupasa tusimame kidogo, maana bila ya kufahamu jambo hili maisha ya mtu huyu hayana maana kwa msomaji.

Mvuvi yeyote wa visiwa hivi anajua kwamba maji ya mkondo yapitapo penye nguzo za gati hayaendi yote moja kwa moja. Nyuma ya nguzo hujikunja, yakazunguka papo hapo, yakafanya kizingia. Chuma nacho kina vizingia vyake. Kila usumaku unapogeuzwa ndani ya kipande cha chuma, huzuka humo mikondo ya umeme inayozunguka yenyewe kwa yenyewe, haiendi popote, haifanyi kazi yoyote, bali hukitia chuma joto. Mfaransa Léon Foucault aliidhihirisha mikondo hiyo mwaka 1855, alipozungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku akaona imekuwa nzito kuizungusha na imepata joto. Dawa yake ilijulikana mapema: kiini cha mashine kisiwe pande moja la chuma, bali kifanywe kwa mabati membamba yaliyopangwa pamoja kama kurasa za msahafu, na kila bati litiwe ngozi nyembamba ya vanishi au ya madini isiyopitisha umeme. Kizingia kikubwa hakipati nafasi. Bati likipunguzwa unene kwa nusu, upotevu wa vizingia hushuka hadi robo. Likiwa jembamba mara kumi, upotevu unakuwa sehemu moja ya mia. Lakini kukata bati jembamba ni gharama, na vanishi nayo huchukua nafasi ya chuma. Wembamba kiasi gani watosha? Hilo ndilo lililotaka hesabu, na hesabu haikuwepo.

Tena vizingia havikuwa mwizi wa peke yake. Mskochi James Alfred Ewing, aliyepata kufundisha Tokyo, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba chuma ni kaidi. Usumaku wake haufuati amri pale pale, bali hukokota miguu, na kila unapogeuzwa huacha nyuma joto kidogo. Ukaidi huo aliupa jina la Kiyunani, hisiteresi. Wezi wawili, basi, waliiba katika nyumba moja kwa wakati mmoja, na joto lililopatikana halikusema ni la nani.

Steinmetz aliwatenganisha. Alitambua kwamba mwizi wa ukaidi huchukua kiasi kile kile katika kila mgeuko, uwe wa haraka au wa polepole, hali mwizi wa vizingia huchukua zaidi katika kila mgeuko kadiri kasi inavyoongezeka. Kwa hiyo alikipima chuma kwa kasi mbali mbali, akapima tena na tena, na kutokana na jedwali zake akatoa sehemu ya kila mmoja. Tarehe 19 Januari, 1892, akiwa kijana wa miaka 26, alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wahandisi wa umeme wa Marekani. Upotevu wa ukaidi, alisema, huongezeka pamoja na nguvu ya usumaku iliyopandishwa kwenye kipeo cha 1.6. Sisi tuliolelewa katika hesabu za mirathi, za nusu na robo na thumni, kipeo cha namna hiyo hutushangaza, lakini maana yake si ngumu: usumaku ukizidishwa mara mbili, upotevu wa ukaidi huzidi kiasi cha mara tatu, na ule wa vizingia huzidi mara nne. Tangu siku hiyo mhandisi aliweza kukaa mezani na penseli, akajua mashine yake itapata joto gani kabla haijaundwa. Kabla ya hapo ilikuwa ni kuunda, kuwasha, kuona imeungua, kisha kuanza upya.

Mwaka uliofuata, 1893, kampuni mpya ya General Electric ilikuwa imekwisha kukinunua kiwanda cha Eickemeyer, na Steinmetz akaingia katika kampuni hiyo pamoja na zana zilizonunuliwa. Mwaka huo huo, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Chicago, alionyesha jinsi ya kuuhesabu umeme geu kwa namba changamano. Kazi iliyotaka kurasa nyingi za hesabu nzito, kwa kuwa umeme huo haukai hali moja hata nukta moja, ikawa ya jamu na toa, zidisha na gawa. Waliomfahamu walikuwa wachache. Hakuwalaumu, alikwenda akaandika vitabu vya kusomeshea, cha kwanza mwaka 1897, akaendelea kuviandika hadi mwisho wa uhai wake. Kuanzia mwaka 1902 alikuwa profesa katika Chuo cha Union mjini Schenectady, ambako kampuni ilikuwa imemhamishia mwaka 1894, na mwaka huo huo wa 1902 Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho hakuwahi kusoma humo, kilimpa shahada ya heshima.

Kipo kisa kinachopendwa sana juu yake, kwamba aliitwa kwenye kiwanda cha tajiri Henry Ford kutazama mashine mbovu, akachora alama ya chaki penye kosa, akadai dola 10,000: dola moja kwa kuchora, na zilizobaki kwa kujua mahali pa kuchora. Kisa hicho hatukidhamini. Hata kama ni cha kweli, twaona kinamfanya kuwa mchuuzi wa elimu yake, na mtu aliyeichapa kanuni yake ili asomaye aichukue bure hakuwa mchuuzi.

Juu ya siasa yake, tuseme kweli yote. Steinmetz aliubeba Ujamaa wake kuvuka bahari na hakuutupa. Mwaka 1911 wananchi wa Schenectady walimchagua meya Mjamaa, George Lunn, na Steinmetz akatiwa katika bodi ya elimu, kisha akawa mwenyekiti wake. Skuli zilikuwa zimejaa. Alipigania majengo mapya, viwanja vya kuchezea, na madarasa maalumu kwa watoto wa wahamiaji, ambao hali yao aliijua kuliko wajumbe wengine wote. Mwaka 1915 alichaguliwa kwa kura za watu kuwa rais wa baraza la mji kwa tiketi ya Wajamaa. Mwezi wa Februari 1922 alimwandikia Lenin kueleza kwamba yuko tayari kuisaidia kwa ushauri kazi ya kusambaza umeme nchini Urusi, na Lenin akamjibu kwa barua na picha.

Wakati wote huo mshahara wake ulitoka katika moja ya makampuni makubwa kabisa ya ubepari. Alijieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1916, akidai kwamba mashirika makubwa yenye mpango mzuri yangekuja kugeuka polepole kuwa mali ya umma. Hapo hatukubaliani naye. Miaka zaidi ya mia imepita, mashirika yamezidi kuwa makubwa, na kugeuka huko hatujakuona. Lakini twamtofautisha na wale ambao siasa yao huisha pale mshahara unapoanza. Yeye alikwenda kwenye vikao vya bodi ya skuli jioni baada ya kazi, na humo walizungumzia madawati.

Hakuoa, kwa kuchelea kurithisha kibiongo chake. Alimfanya msaidizi wake wa maabara, Joseph Hayden, kuwa mwanawe kwa mujibu wa sheria, na Hayden na mkewe na watoto wao watatu wakakaa naye nyumba moja. Inasemekana mama huyo alikubali kwa sharti moja, kwamba mzee aache kazi na aje mezani chakula kinapokuwa tayari. Siku za joto alikwenda kwenye kibanda chake kando ya mto Mohawk, akaelea katika mtumbwi, ubao umelazwa mbele yake na karatasi juu yake, akifanya hesabu.

Wasomaji vijana watauliza hesabu za penseli zina faida gani katika zama za kompyuta. Swali ni la haki, na jibu lake latupa heshima zaidi kwa marehemu. Mwaka 1970 Silvester na Chari, katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, walichapa njia ya kuigawa sura ya mashine katika vipande vidogo vya pembetatu na kuiachia kompyuta ihesabu usumaku wa kila kipande. Njia hiyo imeenea dunia nzima. Lakini mabati yaliipa mtihani. Bati la siku hizi lina unene wa kiasi cha milimita 0.35, na kiini cha urefu wa mita moja kina mabati zaidi ya 2,500. Ukitaka kuviona vizingia vyote, kila bati lazima ligawanywe tabaka kadhaa, kila tabaka vipande maelfu, na hesabu yote irudiwe kwa kila sehemu ndogo ya mgeuko mmoja. Hata kompyuta yenye nguvu hulemewa, na mhandisi anayetaka kulinganisha michoro ishirini hawezi kungoja.

Kwa hiyo wataalamu walirudi kwenye busara ya zamani. Rundo la mabati huchukuliwa kama kitu kimoja, chenye tabia ya kuupitisha usumaku kwa wepesi kufuata mabati na kuuzuia umeme usivuke kutoka bati hadi bati. Vizingia vilivyomo ndani ya bati huhesabiwa pembeni, kwa bati moja tu, kufuata unene wake, kisha athari yake ikaingizwa katika hesabu kubwa. Kazi ya siku huwa ya saa chache. Njia hii haifai kila mahali: penye ncha za rundo, usumaku hupenya mabati kwa ubapa na kuzusha vizingia vipana, na hapo lazima hesabu ifanywe kwa ukamilifu. Aidha umeme ukitoka katika vifaa vya elektroniki, wenye mitikisiko ya kasi sana, usumaku haufiki katikati ya bati, na ile kanuni nyepesi ya unene haitoshi. Mahali pengi pengine, kanuni ya Steinmetz, iliyorekebishwa hapa na pale, ingali inatumika katika programu za kompyuta kwa jina lake mwenyewe.

Sisi wa Visiwani jambo hili latugusa mfukoni. Umeme wa Unguja hutoka Ras Kiromoni, ukapita chini ya bahari hadi Fumba, kisha ukaja Mtoni. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980 kwa uwezo wa megawati 45, na mwaka 2013 ukaongezwa mwingine wa megawati 100. Pemba nayo imeunganishwa na Tanga tangu mwaka 2010. Wenye umri wetu hawajasahau mwaka 2008, tulipokaa gizani kiasi cha mwezi mzima, wala miezi ile kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ndoo za maji vichwani na jenereta zikinguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Siku hizo kila mtu aliijua thamani ya uniti moja.

Sasa tuchukue transfoma moja tu ambayo chuma chake kinapoteza wati 500. Upotevu huu haungoji mtumiaji, maana usumaku hugeuzwa mchana na usiku maadamu mashine imeunganishwa na waya. Mwaka una saa 8,760. Mashine hiyo itakula uniti 4,380 kwa mwaka, na kwa miaka 30, uniti 131,400. Nyingine, yenye mabati membamba na chuma bora, pengine itakula nusu ya hizo, lakini bei yake dukani ni kubwa zaidi. Ofisa wa zabuni anayetazama bei ya kununulia peke yake atachagua ile rahisi, atasifiwa kwa kubana matumizi, na wananchi watalipa tofauti kidogo kidogo hadi yeye atakapostaafu. Tungependa kila karatasi ya zabuni ya transfoma iwe na safu ya upotevu wa chuma, imejazwa na kutiwa saini na mhandisi, na gharama ya miaka yote imejumlishwa na bei kabla ya neno lolote kusemwa katika kikao. Vijana wetu wanaosoma uhandisi wanaweza kuifanya hesabu hiyo. Wapewe nafasi ya kuifanya.

Turudi kwa marehemu. Mwaka 1922, akiwa mgonjwa wa moyo tayari, aliunda katika maabara mashine ya kutoa radi ya kutengenezwa, ili kuchungua jinsi ya kuzikinga njia za umeme na radi ya mbinguni. Mwaka huo huo aligombea cheo cha mhandisi wa jimbo la New York, akashindwa. Mwaka 1923 alisafiri pamoja na akina Hayden hadi pwani ya magharibi ya Marekani, akarejea amechoka. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba, mjukuu wake mmoja alimpelekea chai ya asubuhi kitandani, akamkuta amekwisha kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 58. Alizikwa Schenectady, katika makaburi ya Vale. Gari lake la mwaka 1914, lililokwenda kwa betri za umeme, limehifadhiwa katika Chuo cha Union.